Kabla ya ngumi, swali: tafakari juu ya filamu za kipelelezi



Wapendwa waamini, katika tafakari ya juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo ni nadra kulisikia kanisani, ingawa limo katika nyumba zetu nyingi: filamu za kipelelezi, zile zinazochanganya fumbo na mapambano. Anayepita Tandika, Mtoni, Yombo au Mbagala wakati wa jioni hahitaji kuulizia zinaonyeshwa wapi. Atasikia milio ya risasi ikitoka katika kibanda umiza, na sauti ya mtafsiri ikiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale wanayoyaona. Na kijana asiyekwenda kibandani anayo simu mkononi, hivyo kibanda kimemfuata mpaka kitandani.

Wazazi huuliza: Padre, je, filamu hizi ni dhambi? Kanisa halikuwahi kuihukumu filamu kwa sababu tu ni filamu. Mwaka 1936 Papa Pius wa XI aliandika waraka mzima juu ya sinema, Vigilanti Cura, akikiri nguvu yake kubwa ya kujenga na kuonya juu ya nguvu yake kubwa ya kubomoa. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Inter Mirifica juu ya vyombo vya upashanaji habari, na mafundisho yake yanamdai mtazamaji awe na dhamiri iliyo macho. Kwa hiyo swali la kwanza si kama tutazame au tusitazame. Swali ni: tunapoinuka kwenye benchi la kibanda, tunaondoka na nini?

Maoni yangu ni haya. Filamu ya kipelelezi iliyo nzuri humfundisha mtazamaji kuuliza kabla ya kupiga. Sisi tumechukua kupiga, tukaacha kuuliza. Na hasara yake haibaki kwenye kioo. Inafika barabarani, kwenye mwili wa mtu.

Tuanze nyumbani, kwa maana upelelezi haukuletwa kwetu na kanda za Marekani peke yake. Kabla ya vibanda tulikuwa na vitabu. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Unguja, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Humo alituletea Bwana Msa, mtu wa kiko na wa maswali. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, na jibu la haraka liko tayari vinywani mwa watu: mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa halikubali jibu la haraka. Anatazama, anasikiliza, anapima maneno ya mmoja kwa maneno ya mwingine, hata mwisho ukweli unatoka, nao ni ukweli wa wanadamu, si wa mizimu.

Miaka ya 1970 akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona, kitabu cha mwaka 1974, mapambano yamepanda juu: safari, bastola, maadui wa ukombozi wa Afrika, wakati ambapo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar es Salaam. Baadaye Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Vijana wa wakati ule waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakachakaa. Tangu hapo msomaji wa Kiswahili amezijua sehemu mbili za hadithi ya namna hii: fumbo linalomfanya afikiri, na mapambano yanayomfanya asogee ukingoni mwa kiti.

Zikaja deki za video, zikaja sidii, na pamoja nazo watafsiri. Lufufu alijulikana jijini kote kwa sauti yake iliyozigeuza filamu za kigeni kuwa simulizi za Kiswahili. Sifa ya sanaa hiyo ni kubwa, nami siibezi. Mtu asiyejua lugha ya kigeni alipewa haki ya kufurahia hadithi kama wengine. Lakini vibandani tulijifunza pia msamiati mwepesi sana: kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi, na wala hakosei. Akimpiga mtu, basi mtu huyo alistahili. Watoto wetu wanaujua ubishi wa kumtambua steringi katika dakika tano za kwanza. Na akishatambuliwa, hakuna tena haja ya kuuliza kitu. Inabaki kuhesabu maiti.

Hapo ndipo fumbo linapokufa. Kwa maana upelelezi unasimama juu ya mashaka: yawezekana huyu tunayemdhania siye. Mashaka yakiondoka, kinachobaki ni vita tu.

Tuchukue mfano wa filamu inayozishika sehemu zote mbili vizuri. The Fugitive ni ya mwaka 1993. Daktari mmoja wa Chicago, Richard Kimble, anahukumiwa kifo kwa kumuua mke wake, naye hakumuua. Anatoroka baada ya ajali, na afisa Samuel Gerard anaongoza msako. Mapambano yamo tele: treni inaligonga basi la wafungwa, mtu anajirusha kutoka juu ya bwawa. Lakini mtazameni huyo Gerard. Mwanzoni hajali kama mtoro ana hatia au hana. Kazi yake ni kumkamata. Kadiri anavyomfuata, anaanza kuona mambo yasiyolingana. Kwa nini mtoro anarudi mjini badala ya kukimbilia mbali? Kwa nini anamtafuta mtu mwenye mkono wa bandia? Gerard anaanza kuuliza, na kila swali linapunguza uzito wa bastola yake. Tommy Lee Jones, aliyeigiza nafasi hiyo, alipata tuzo ya Oscar mwaka 1994. Mnyama anayewinda anageuka kuwa binadamu anayetafuta ukweli, na mbio zile zote zina maana kwa sababu mwishoni kuna jibu.

Sasa tutoke kibandani, tuingie mtaani. Kelele inapigwa: "Mwizi! Mwizi!" Dakika chache tu zinatosha. Mawe yanapatikana, tairi linapatikana, kiberiti kinapatikana. Kitu kimoja tu hakipatikani, nacho ni mtu wa kuuliza: ameiba nini? Ni nani aliyemwona? Kitu kilichoibwa kiko wapi? Siku inayofuata gazeti linaandika kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali", na maneno hayo yamezoeleka kiasi kwamba hatuyasikii tena. Mwaka baada ya mwaka Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji ya namna hii katika taarifa zake za haki za binadamu nchini.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowasha kiberiti. Watu walipiga wezi kabla ya video kufika Temeke. Ninachosema ni kwamba filamu ya ngumi tupu inatuzoesha kosa moja la kufikiri. Kwenye filamu, kamera imetuonyesha mwizi akiiba. Sisi ni mashahidi tulioketi mahali pazuri kuliko wote. Mtaani hakuna kamera. Kuna kelele tu, na mtu anayekimbia. Na mtu anayekimbia, ndugu zangu, anaweza kuwa anakimbia kwa sababu ameiba, au kwa sababu anaogopa kupigwa, au kwa sababu anawahi daladala.

Huko Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na "ushahidi" ukawa macho yao mekundu. Moshi wa jikoni, walioupikia wajukuu kwa miaka arobaini au hamsini, ndio unaoyafanya macho kuwa mekundu. Bwana Msa angelijua hilo kwa kuingia jikoni mara moja tu.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la wasio na sare peke yao. Mwezi Januari 2006, hapa Dar es Salaam, watu wanne waliuawa na polisi: wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge mkoani Morogoro, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba. Taarifa ya kwanza ilisema walikuwa majambazi waliouawa katika kurushiana risasi na polisi. Ilikuwa hadithi iliyokamilika: steringi wameshinda, maadui wamelala chini. Lakini ndugu zao hawakunyamaza, watu wakauliza, na Rais akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume ikabaini kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Maafisa wa polisi wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru; mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao na kumhukumu adhabu ya kifo. Zaidi ya miaka kumi ilipita tangu mauaji hadi hukumu ile. Hakuna filamu itakayovumilia urefu huo, lakini ndivyo ukweli ulivyotafutwa: kwa mashahidi na nyaraka, na kwa watu waliokataa kuamini taarifa ya kwanza.

Wakristo Wakatoliki tuna sababu ya pekee ya kuupenda upelelezi, kwa maana Biblia yetu inazo hadithi mbili za kipelelezi ambazo katika Biblia za ndugu zetu Waprotestanti ama hazimo ama zimetengwa kando. Zimo katika sura ya 13 na ya 14 za kitabu cha Danieli. Katika ya kwanza, wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamsingizia Suzana uzinzi kwa sababu amewakataa. Mkutano unawaamini palepale. Kwa nini? Kwa sababu ni wazee na ni waamuzi. Suzana anapelekwa kuuawa. Kijana Danieli anapaza sauti na kudai kesi irudiwe. Anafanya nini? Anawatenganisha wale wazee, kisha anamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Mmoja anataja mti huu, mwingine anataja mti ule. Uongo umejifunga wenyewe. Hata leo askari mpelelezi hufundishwa kutowahoji mashahidi pamoja.

Katika sura inayofuata, makuhani wa sanamu Beli wanamwaminisha mfalme kwamba sanamu yao hula chakula chote kinachowekwa mbele yake. Danieli ananyunyiza majivu sakafuni, mlango unafungwa na kutiwa muhuri. Asubuhi chakula hakipo, na juu ya majivu kuna nyayo za wanaume, wanawake na watoto walioingia kwa mlango wa siri. Karne nyingi kabla ya alama za vidole, Maandiko yanatufundisha kwamba ukweli huacha nyayo, nasi tunapaswa kuinama na kuzitazama.

Kati ya filamu zinazotugusa sisi mapadre, ipo I Confess ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1953, iliyopigwa katika mji wa Quebec. Muuaji amevaa kanzu ya padre wakati wa kutenda uovu wake, kisha anaungama kwa Padre Logan. Mashahidi wanasema walimwona mtu mwenye kanzu, na lawama zote zinamwangukia padre, ambaye hawezi kusema neno, kwa kuwa siri ya kitubio haivunjwi kamwe, hata kwa kuokoa uhai wa padre mwenyewe. Baraza la mahakama linamwachia kwa sababu ushahidi hautoshi. Anapotoka nje, umati unamzomea na kumsukuma. Mahakama imesema hana hatia, lakini umati ulishatoa hukumu yake kabla hata kesi haijaanza. Nimetafakari mara nyingi juu ya umati ule. Haukuwa wa watu wabaya. Ulikuwa wa watu waliokuwa na hakika.

Najua mtakayosema, na ni haki yenu kuyasema. "Padre, wewe hujavunjiwa mlango usiku. Hujaporwa simu iliyonunuliwa kwa akiba ya miezi sita. Sisi tuliishi na hofu ya Panya Road Januari 2015, ikarudi tena 2022. Tukimpeleka mwizi kituoni, kesho tunamwona mtaani anatucheka." Malalamiko haya ni ya kweli, na viongozi wetu wanapaswa kuyajibu kwa ulinzi ulio hai na kesi zisizochelewa. Gereza la Keko limo humu humu Temeke. Mnajua kwamba wengi huko husubiri kesi zao kwa muda mrefu, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Ucheleweshaji wa haki ni chanzo kimojawapo cha hasira hii. Lakini tuelewe pia kwamba aliyepewa dhamana hajasamehewa. Anasubiri kesi yake akiwa nje. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitike. Kinga hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mwizi. Iliandikwa kwa ajili ya mwanao siku atakapopita mtaa ambao hajulikani, akiwa amevaa shati linalofanana na la mwizi.

Na ikiwa kweli ameiba? Hapa filamu nyingi hunyamaza, kwa kuwa zinamwokoa tu asiye na hatia. Mama Kanisa anakwenda mbele zaidi. Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima tunasoma habari ya Suzana, na Injili inayowekwa pamoja nayo ni ile ya mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi, katika sura ya 8 ya Yohane (isipokuwa mwaka C, ambapo Injili hiyo husomwa Jumapili yake). Wanawake wawili siku moja. Wa kwanza hana kosa. Wa pili Injili haikani kosa lake. Wa kwanza anaokolewa na maswali ya Danieli, wa pili anaokolewa na Kristo mwenyewe, ambaye hakusema dhambi ile si dhambi, bali aliwafanya wenye mawe wajitazame wenyewe. Mkristo basi hana ruhusa ya jiwe katika hali yoyote kati ya hizo mbili.

Mwandishi Mwingereza G. K. Chesterton, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1922, alilifahamu jambo hili hata kabla ya kupokelewa. Mpelelezi wake, Father Brown, aliyetokea katika kitabu cha kwanza mwaka 1911, ni padre mfupi mwenye mwavuli, ambaye watu humdharau. Anawatambua waovu kwa sababu miaka ya kusikiliza maungamo imemfundisha moyo wa mwanadamu, ukiwemo wake mwenyewe. Anamnasa mwizi mashuhuri aitwaye Flambeau, na hadithi haiishii hapo. Flambeau anaongoka, anaacha wizi, na baadaye yeye mwenyewe anakuwa mpelelezi na rafiki wa padre. Mwaka 1954 Alec Guinness aliigiza nafasi ya padre huyo katika filamu, na miaka miwili baadaye naye akaingia katika Kanisa Katoliki. Kama Flambeau angeliangukia mikono ya wananchi wenye hasira kali, dunia ingelipata mwizi aliyekufa, na basi.

Wapendwa, siwaambii mzime televisheni. Nawaomba mambo matatu. Wazazi, keni pamoja na watoto wenu mtazame filamu hizi, na inapofika katikati mwulize mtoto: unadhani ni nani, na umejuaje? Akijibu "ana sura mbaya", mwonyesheni kwamba hilo si jibu. Vijana mnaosimamia vibanda, chagueni pia filamu zenye fumbo, zile ambazo mtazamaji anabishana nazo mpaka nyumbani, na uangalieni umri wa watoto mnaowaruhusu kuketi mbele. Na ninyi wanajumuiya, katika mkutano wenu wa juma hili someni Danieli sura ya 13, kisha mkubaliane kwa majina: kelele ya mwizi ikipigwa mtaani kwetu, ni nani atakayemwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ni nani atakayepiga simu polisi, na ni nani watakaosimama kati ya mtu na mawe. Jambo hilo huamuliwa mapema. Usiku ule, kelele zikishaanza, hakuna atakayepata nafasi ya kufikiri.

Kusimama hapo ni kazi ya hatari, nami sitaki kuwadanganya. Ndiyo maana nasema watakaosimama, si atakayesimama. Danieli alikuwa peke yake; ninyi jumuiya nzima msikubali awe peke yake. Mtu mmoja akiuliza "ameiba nini?", wa pili aseme "tusubiri", na wa tatu naye arudie. Umati hujengwa na sauti chache, nao huvunjwa na sauti chache.

Nawatakia juma jema, na Mungu awabariki wote.

Wenu katika Kristo,
Paroko